Hermann von Helmholtz

Hermann Ludwig Ferdinand von Helmholtz (Potsdam, 31 Agosti 1821 – Charlottenburg, karibu na Berlin, 8 Septemba 1894) alikuwa daktari na mwanafizikia kutoka Ujerumani. Anajulikana zaidi kwa kanuni ya hifadhi ya nishati, kwa kubuni oftalmoskopi, yaani kifaa cha kutazamia ndani ya jicho, na kwa vitabu vyake kuhusu kuona na kusikia. Makala hii inaeleza pia kazi yake isiyotajwa sana katika vitabu vya shule: nadharia ya mwaka 1879 iliyoonyesha jinsi umeme unavyoweza kusukuma maji ndani ya mifereji myembamba mno. Mtiririko wa namna hiyo huitwa elektroosmosi. Siku hizi unatumika kuendesha vimiminika katika vifaa vyenye mifereji inayopimwa kwa nanomita. Nanomita 1 ni sehemu moja ya milioni ya milimita.

Utoto na masomo

Helmholtz alizaliwa Potsdam, mji wa kifalme ulio jirani na Berlin. Wakati huo Ujerumani ilikuwa bado haijaungana, na mji huo ulikuwa sehemu ya Ufalme wa Prussia. Baba yake, Ferdinand Helmholtz, alikuwa mwalimu wa sekondari aliyependa falsafa na lugha za kale. Mama yake, Caroline Penne, alitoka katika ukoo uliojihesabu kuwa wa William Penn, mwanzilishi wa koloni la Pennsylvania huko Amerika.

Kijana alitaka kusoma fizikia, lakini mshahara wa mwalimu haukutosha kumlipia chuo kikuu. Njia iliyopatikana ilikuwa udaktari: chuo cha tiba cha jeshi mjini Berlin kilisomesha bila ada, kwa sharti kwamba mhitimu alitumikie jeshi kama daktari kwa miaka 8. Helmholtz aliingia chuoni mwaka 1838. Hesabu za juu na fizikia alijifunza mwenyewe pembeni, kwa kusoma vitabu vya wataalamu waliotangulia. Hadubini yake ya kwanza aliipata kwa njia ya ajabu kidogo: aliugua homa ya matumbo, akalazwa hospitalini bila gharama kwa kuwa alikuwa mwanafunzi, na posho iliyolimbikizwa kipindi hicho ikatosha kuinunua. Kwa hadubini hiyo alichunguza neva za wanyama wasio na uti wa mgongo, na mwaka 1842 akapata shahada ya udaktari kwa kuonyesha kwamba nyuzi za neva zinatokana na seli.

Mwalimu wake mkuu alikuwa Johannes Müller, mtaalamu wa fiziolojia. Wasomi wengi wa wakati ule waliamini kwamba mwili ulio hai unaendeshwa na nguvu ya pekee ya uhai isiyofuata sheria za fizikia. Helmholtz na wenzake, hasa Emil du Bois-Reymond na Ernst Brücke, walilikataa wazo hilo. Walitaka kuonyesha kwamba misuli, damu na neva vinafuata sheria zilezile zinazofuatwa na mashine na betri. Msimamo huo ndio unaounganisha kazi zake zote, ambazo kwa mtazamo wa haraka huonekana kutawanyika.

Hifadhi ya nishati

Mwaka 1843 alipelekwa kuwa daktari wa kikosi huko Potsdam. Humo kambini alitengeneza maabara ndogo, akapima joto linalotolewa na misuli ya vyura inapofanya kazi. Swali lake lilikuwa rahisi: je, joto na kazi ya misuli vyote vinatoka katika chakula, au kuna kitu kingine kinachoongezea?

Jibu alilitoa kwa upana zaidi kuliko swali. Tarehe 23 Julai 1847 alisoma mbele ya Shirika la Fizikia la Berlin maandishi yaliyodai kwamba nishati haiumbwi wala haipotei, bali hubadilika umbo: mwendo huwa joto, kemia huwa umeme, na kadhalika. Johann Poggendorff, mhariri wa jarida kuu la fizikia la Ujerumani, alikataa kuyachapisha akiyaona ni falsafa mno, kwa hiyo yakatoka kama kijitabu. Mwandishi alikuwa na umri wa miaka 25.

Si haki kumpa Helmholtz peke yake sifa ya kanuni hiyo. Julius Robert Mayer, daktari wa meli aliyeona huko Java mwaka 1840 kwamba damu ya vena ya mabaharia ilikuwa nyekundu kuliko ilivyokuwa katika nchi za baridi, alifikia wazo hilohilo na kulichapisha mwaka 1842. James Prescott Joule wa Manchester alikuwa akilipima kwa majaribio. Kilichokuwa cha Helmholtz ni hesabu zilizoonyesha kwamba kanuni moja inatawala mekanika, joto, umeme na sumaku kwa pamoja.

Neva na jicho

Kwa msaada wa mwanasayansi maarufu Alexander von Humboldt, Helmholtz aliachiliwa mapema kutoka jeshini mwaka 1848. Mwaka 1849 akawa profesa wa fiziolojia huko Königsberg (leo Kaliningrad, nchini Urusi), na mwaka huohuo akamwoa Olga von Velten.

Müller alikuwa ameandika kwamba kasi ya habari inayopita katika neva huenda haitapimika kamwe. Mwaka 1850 mwanafunzi wake wa zamani aliipima. Alishtua neva ya chura kwa umeme karibu na msuli, kisha mbali na msuli, akalinganisha muda uliopita kabla msuli haujajikunja. Alipata kasi ya kati ya mita 25 na 38 kwa sekunde, ambayo ni ndogo kuliko kasi ya sauti hewani. Watu walishangaa, kwa kuwa walizoea kufikiri kwamba mawazo husafiri papo hapo.

Oftalmoskopi ilizaliwa wakati akiandaa somo la darasani. Mboni ya jicho huonekana nyeusi kwa sababu mwanga unaoingia hurudi kwa njia ileile ulioingilia. Anayetaka kutazama ndani lazima aweke kichwa chake njiani, na kichwa hicho huziba mwanga. Helmholtz alitumia vioo vyembamba vilivyoinamishwa, vikaakisi mwanga wa taa kuingia jichoni huku mtazamaji akiona kupitia hapohapo. Charles Babbage wa Uingereza aliwahi kutengeneza kifaa cha aina hiyo mwaka 1847 lakini hakikuendelezwa. Kitabu kidogo cha Helmholtz cha mwaka 1851 kilisambaa haraka, na kwa mara ya kwanza madaktari wakaweza kuona retina ya mgonjwa aliye hai. Kila daktari wa macho wa leo anatumia mtoto au mjukuu wa kifaa kile.

Bonn na Heidelberg

Alihamia Bonn mwaka 1855, kisha Heidelberg mwaka 1858. Mwaka 1859 ulikuwa mgumu: baba yake alifariki, na mwishoni mwa Desemba mke wake Olga, aliyekuwa mgonjwa kwa muda mrefu, akafariki pia na kumwachia watoto wawili wadogo. Mwaka 1861 alimwoa Anna von Mohl.

Katika miaka hiyo aliandika kitabu kikubwa cha fiziolojia ya kuona, kilichotoka kwa sehemu kati ya 1856 na 1867, na kitabu juu ya sauti na muziki kilichotoka mwaka 1863. Wazo kwamba jicho huona rangi zote kwa kutumia vipokezi vya aina tatu, lililoanzishwa na Thomas Young, lilikomazwa naye, na hadi sasa huitwa nadharia ya Young na Helmholtz.

Kwa habari ya makala hii, kazi nyingine mbili za Heidelberg zina uzito zaidi. Mwaka 1858 alichapisha hesabu za vimiminika vinavyozunguka kama kimbunga. Mwaka 1860, pamoja na Gustav von Piotrowski, alipima msuguano wa vimiminika ili kujua kinachotokea pale maji yanapogusa ukuta: je, hunata au huteleza? Swali linaonekana dogo. Lakini mtu anayetaka kueleza mwendo wa maji ndani ya tundu jembamba kuliko unywele hawezi kulikwepa, kwa sababu humo karibu maji yote ni jirani wa ukuta.

Berlin na tabaka maradufu la umeme

Mwaka 1871 Helmholtz aliitwa Berlin kuwa profesa wa fizikia. Ndipo, akiwa na umri wa karibu miaka 50, alipopata rasmi kazi aliyoitamani tangu ujana. Miongoni mwa wanafunzi wake walikuwemo Heinrich Hertz, aliyegundua mawimbi ya redio, na Wilhelm Wien. Max Planck alihudhuria mihadhara yake katika mwaka wa masomo wa 1877–1878 na baadaye alieleza kwamba haikuandaliwa vizuri: profesa alizungumza polepole, alikosea hesabu ubaoni, na wasikilizaji wakapungua hadi wakabaki watatu. Maabarani na katika maandishi alikuwa mtu mwingine kabisa.

Fumbo alilolishughulikia mwaka 1879 lilikuwa na umri wa miaka 70 na lilianzia Moscow. Ferdinand Friedrich Reuss, Mjerumani aliyefundisha kemia katika chuo kikuu cha huko, alichomeka mirija miwili ya kioo katika udongo wa mfinyanzi uliolowa, akaijaza maji na kutumbukiza nyaya za betri. Chembe za udongo zilielekea upande wa chanya. Alipotumia mrija wenye umbo la U uliojazwa unga wa jiwe la kwazi, maji yenyewe yalihama na kupanda upande wa hasi. Reuss alichapisha matokeo hayo mwaka 1809. Mwaka 1852 Gustav Wiedemann alionyesha kwamba wingi wa maji yanayohama hulingana na mkondo wa umeme unaopita. Georg Quincke aligundua kinyume chake mwaka 1859: maji yakisukumwa kwa shinikizo kupitia kitu chenye vitundu, volteji hujitokeza kati ya pande mbili. Quincke alidhani, na alidhani sawa, kwamba maji yaliyogusana na ukuta yana chaji iliyo kinyume na ile ya ukuta.

Ukweli ulijulikana, ila sheria moja ya kuuunganisha haikuwepo. Helmholtz aliiandika. Alikuwa ameshatumia wazo la tabaka mbili za chaji zinazotazamana tangu mwaka 1853, alipokuwa akichunguza mikondo ya umeme katika mwili. Sasa alilipeleka kwenye mpaka kati ya kitu kigumu na kimiminika.

Hoja yake ni hii. Kioo kinapogusa maji, uso wake hupata chaji, kwa kawaida hasi. Maji yaliyo karibu hukusanya chaji chanya yenye wingi uleule, zikatazamana kama sahani mbili za kapasita. Hilo ndilo tabaka maradufu. Kwa kuwa chaji hizo mbili hulingana, ukiangalia kwa nje huoni chochote. Lakini weka umeme sambamba na ukuta: chaji ya ukuta haiwezi kusogea kwa kuwa imeshikwa na kioo, na ile ya majini inaweza. Inaanza kwenda kuelekea upande wa hasi, na kwa sababu ya mnato inaburuta maji ya jirani, nayo yanaburuta mengine, hadi maji yote ya mfereji yanakwenda.

Helmholtz alichukua kwamba maji yanayougusa ukuta hayasogei, kwamba mwendo ni wa taratibu, na kwamba tabaka ni jembamba sana likilinganishwa na upana wa mfereji. Kutokana na hayo alipata tokeo sahili: kasi ya maji hulingana na nguvu ya uga wa umeme na tofauti ya volteji iliyomo katika tabaka, na hupungua kadiri mnato unavyoongezeka. Unene wa tabaka haumo katika jibu. Hilo lilikuwa jambo la bahati kubwa, kwa kuwa mwaka 1879 hapakuwa na njia ya kuupima unene huo. Elektroni ilikuwa haijagunduliwa, na nadharia ya Svante Arrhenius ya kwamba chumvi ikiyeyuka majini hugawanyika kuwa ioni ilikuja mwaka 1887. Helmholtz alijenga sheria ya kitu asichoweza kukiona wala kujua kimeundwa na nini, na sheria ikasimama.

Nadharia hiyohiyo ilieleza matokeo yote matatu: maji kusukumwa na umeme, volteji inayozaliwa na maji yanayosukumwa, na chembe za udongo zinazoogelea katika umeme. Mwaka 1903 Marian Smoluchowski, mwanafizikia wa Poland, aliipanua ili ifae kwa vitundu vya umbo lolote, na ndiyo maana fomula ya leo hubeba majina ya wote wawili.

Kwa nini umeme hushinda pampu

Msomaji wa Zanzibar anaweza kulifikiria jambo hili kwa kutumia ukuta. Hamamu za Kidichi, kaskazini ya Mji Mkongwe katika kisiwa cha Unguja, zilijengwa katikati ya karne ya 19 kwa amri ya Sultani Said bin Sultan kwa ajili ya mke wake Mwajemi, Shahrazad. Kuta zake ni za mawe na chokaa, na ndani zina mapambo ya lipu ya mtindo wa Kiajemi. Ukuta wa namna hiyo huonekana mzima, kumbe umejaa vitundu vilivyoungana, vingine vya mikromita, vingine vya nanomita. Maji ya ardhini hupanda humo yenyewe bila pampu. Ukitaka kuyatoa kwa kuyasukuma, hutafanikiwa: msuguano ndani ya vitundu ni mkubwa mno.

Sababu ya ugumu huo imo katika hesabu. Maji yanayosukumwa kwa shinikizo katika mrija hutii sheria ya Hagen na Poiseuille: ukipunguza nusu ya kipenyo, kiasi cha maji kinachopita hupungua mara 16. Katika mtiririko wa Helmholtz kasi haitegemei kipenyo. Ukipunguza nusu, kiasi hupungua mara 4 tu, kwa sababu ya udogo wa nafasi yenyewe. Maji ya pampu huenda mbio katikati na kujikokota kingoni, kama mto. Maji yanayovutwa na umeme huenda yote kwa kasi moja, kama mkeka unaoburutwa sakafuni.

Tuchukue mfereji wa kioo wenye nusu-kipenyo cha nanomita 100 na urefu wa sentimita 1. Kama volteji ya tabaka ni milivolti 100, ukiweka volti 100 kati ya ncha mbili maji yatakwenda kwa kasi ya takriban milimita 0.7 kwa sekunde. Kupata kasi hiyo kwa pampu kungehitaji shinikizo la zaidi ya mara 50 ya lile la angahewa. Gurudumu la gari dogo hujazwa upepo wa mara 2 au 3 tu.

Kuna waliojaribu kutumia njia hii kukausha kuta za majengo ya kale huko Ulaya, na ufanisi wake bado unabishaniwa. Kwa ukuta wa chokaa mambo huwa magumu zaidi, maana chaji ya uso wa chokaa hubadilika kufuatana na chumvi na asidi zilizomo majini. Huenda ikawa hasi leo na chanya kesho, na maji yakageuza njia. Kwa udongo wa mfinyanzi matokeo yalikuwa mazuri zaidi: katika miaka ya 1930 mhandisi Leo Casagrande alitumia elektroosmosi kutoa maji katika udongo laini ili uweze kubeba ujenzi, yaani jaribio la Reuss lililokuzwa kufikia ukubwa wa eneo la ujenzi. Tangu miaka ya 1980 mtiririko huo umetumika pia katika maabara za kemia, ndani ya kapilari za kioo zenye kipenyo cha mikromita kadhaa au makumi kadhaa, kwa ajili ya kutenganisha kemikali zilizochanganyika.

Pale nadharia inapoishia

Sharti moja la Helmholtz linastahili kutazamwa tena: tabaka liwe jembamba sana kuliko mfereji. Louis Georges Gouy mwaka 1910 na David Leonard Chapman mwaka 1913 walionyesha kwamba chaji ya majini haisimami kama sahani. Ioni hutikiswa na joto, kwa hiyo hutawanyika kama wingu lililo zito karibu na ukuta na jepesi mbali nao. Mwaka 1924 Otto Stern aliunganisha picha zote mbili: tabaka lililoganda ukutani, kama la Helmholtz, na wingu nje yake.

Unene wa wingu hilo hutegemea chumvi. Katika maji ya bahari, kama yale ya pwani ya Unguja, haufiki nanomita 1. Katika maji safi ya mvua unaweza kuwa makumi ya nanomita, na katika maji yaliyosafishwa kabisa hukaribia mikromita 1. Sasa fikiria mfereji wenye upana wa nanomita 20. Ukiujaza maji ya bahari, fomula ya Helmholtz inafaa vizuri. Ukiujaza maji ya mvua, mawingu ya kuta mbili yanakutana katikati na kujaza mfereji mzima. Hapo maji hayaendi tena kama mkeka; kasi huwa ndogo kuliko fomula inavyotabiri, na hesabu lazima ifanywe upya. Hesabu hizo zilifanywa katika miaka ya 1960, kwa mfano na Rice na Whitehead mwaka 1965 kwa kapilari nyembamba za duara.

Mfereji uliojaa wingu la aina moja huwa pia na tabia ambayo bomba la kawaida halina. Huruhusu ioni chanya kupita na kuzizuia zile hasi, au kinyume chake ikiwa ukuta una chaji chanya. Utafiti wa kuondoa chumvi katika maji ya bahari, na wa kupata umeme pale maji ya mto yanapokutana na ya bahari, unategemea tabia hiyo.

Wengine husema kwa hiyo kwamba Helmholtz alikosea kuhusu tabaka maradufu. Kauli hiyo ni ya haraka mno. Aliandika masharti ya nadharia yake waziwazi, na waliokuja baadaye walijua mahali pa kuanzia kwa sababu mipaka ilikuwa imeandikwa.

Miaka ya mwisho

Mwaka 1881, mjini London, alitoa mhadhara wa kumkumbuka Michael Faraday. Humo alieleza kwamba kama elementi zimeundwa na atomu, basi sheria za Faraday zinatulazimisha kukubali kwamba umeme nao umegawanyika katika vipande vya msingi vinavyofanya kama atomu za umeme. Ilikuwa miaka 16 kabla ya elektroni kugunduliwa. Katika miaka ya mwanzo ya 1880 alipewa pia cheo cha ukabaila, ndipo jina lake likaongezewa neno von.

Mwanaviwanda Werner von Siemens alitoa ardhi na mali ili ianzishwe taasisi ya taifa ya vipimo huko Charlottenburg, na Helmholtz akawa rais wake wa kwanza. Familia zao ziliungana pia: binti yake Ellen aliolewa na Arnold, mtoto wa Siemens. Lakini mwaka 1889 mwanawe Robert, aliyekuwa naye mwanafizikia, alifariki akiwa kijana, na tarehe 1 Januari 1894 akafariki Hertz, mwanafunzi aliyemtegemea kuliko wote, akiwa na miaka 36.

Mwaka 1893 Helmholtz alisafiri hadi Chicago kuhudhuria mkutano wa wataalamu wa umeme wakati wa maonyesho ya dunia. Akiwa safarini kurudi alianguka kutoka kwenye ngazi za meli, akaumia kichwa na kupoteza damu nyingi, na hakurudia tena nguvu zake za awali. Mwezi wa Julai 1894 alipatwa na kiharusi. Alifariki tarehe 8 Septemba mwaka huohuo, akiwa na umri wa miaka 73, na akazikwa Wannsee, nje ya Berlin. Sanamu yake iliyozinduliwa mwaka 1899 iko mbele ya jengo kuu la Chuo Kikuu cha Humboldt mjini Berlin.